Mlipiga makofi mapema: maneno baada ya filamu ya Sully

Hotuba iliyotolewa Mtwara mjini baada ya onyesho la filamu ya Sully, inayosimulia ndege ya abiria iliyotua kwenye mto Hudson, New York, mbele ya wakazi, wanafunzi, na wavuvi wa Shangani, Msangamkuu na Mikindani. Hapa imeandikwa upya ili isomwe.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana wa shule, na ninyi wavuvi mliofunga vyombo usiku huu mkaja kukaa nasi: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Ndege ilipogusa maji ya mto Hudson, ikateleza, ikasimama, ukumbi huu ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Kuna waliosimama wakaanza kutafuta kandambili zao. Kwa wengi wenu sinema iliishia pale, na sehemu iliyofuata mliitazama huku mkipiga soga.

Siwalaumu. Filamu imetengenezwa hivyo: inamfuata rubani, na rubani akishatua, roho inatulia. Lakini pale mlipopiga makofi, watu 155 walikuwa bado ndani ya chombo kilichochanika tumbo upande wa nyuma, maji ya nyuzi joto 5 yanapanda sakafuni, na hewa ya nje iko chini ya sifuri. Kazi ya kurusha ndege ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa kazi ya wahudumu, ya abiria wa kawaida, na ya manahodha wa vivuko. Nataka tuishike hiyo, maana sidhani kama yumo humu atakayeombwa kutua ndege mtoni, ila wengi wenu mtapanda ndege ya kwenda Dar es Salaam, na wengine mna vyombo majini kila siku.

Kabla ya hapo niyajibu mliyokuwa mkiyasema kwa sauti kwenye viti, maana nilikuwa nayaandika.

Tukio lenyewe ni la tarehe 15 Januari 2009. Airbus A320 ya shirika la US Airways, safari namba 1549, iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia, New York, ikielekea Charlotte. Nahodha alikuwa Chesley Sullenberger na rubani msaidizi Jeffrey Skiles. Dakika mbili hivi baada ya kuruka, ikiwa kwenye futi 2,800 na ushei, ilikutana na kundi la mabata bukini wa Kanada. Injini zote mbili zikapoteza karibu nguvu zote kwa mpigo. Kutoka hapo hadi majini ni dakika tatu na nusu.

Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Injini ya chuma inashindwaje na bata?" Swali zuri. Injini za aina ile hujaribiwa kwa kurushiwa ndege wa porini, lakini kipimo cha ndege mmoja mkubwa kilikuwa kilo 1.8 hivi, na sharti lenyewe halikuwa kwamba injini iendelee na kazi. Sharti lilikuwa izimike bila kuwaka moto wala kurusha vipande. Bukini wa Kanada hufika kilo 3 au 4, hata zaidi. Akipita pembeni mwa feni, hutemwa nyuma na injini huendelea. Akiingia katikati, kwenye kiini ambako hewa inagandamizwa kabla ya kuwashwa, huvunja visahani vya ndani, mtiririko wa hewa unavurugika, na hapo hakuna kuwasha tena hata ujaribu vipi. Ndicho kilichotokea pande zote mbili. Skiles alijaribu kuwasha kwa kuwa orodha ya dharura ilimtaka ajaribu, lakini kiini kilikuwa kimeshaharibika.

Wengine mlinong'ona, "Si angerudi tu?" Ndege isiyo na injini haidondoki wima. A320 iliyo safi, ikienda mwendo unaofaa, husogea mbele mita 17 hivi kwa kila mita moja inayoshuka. Kwenye karatasi, kimo kile kinampa kilomita 14 au 15. Ila hesabu hiyo ni ya kwenda moja kwa moja. Uwanja ulikuwa nyuma yake, umbali wa kilomita 8 hivi, na kila kona ya kugeuka inakula kimo. Tena kati yake na uwanja ni nyumba za watu. Akikosa kwa mita mia mbili, hafi peke yake na abiria wake.

Hapo ndipo mlipowazomea wachunguzi wa ajali. Kwenye filamu wamekaa mezani kama waendesha mashtaka, wanamwonyesha Sullenberger video za marubani wengine wakirudi uwanjani salama, na nyie mkaguna. Niseme wazi: hapo filamu imewaonea wale watu. Filamu inahitaji adui, na bukini hawawezi kuwa maadui kwa dakika 96. Majaribio ya kweli yalifanyika kwenye mashine za kuigiza urukaji za Airbus huko Toulouse, Ufaransa, hayakufanyika moja kwa moja mbele ya kikao. Kati ya majaribio 15 yaliyohesabiwa, 8 yalifika uwanjani, na hayo yalikuwa ya rubani anayejua tayari kitakachotokea na anayegeuka papo hapo. Walipoweka jaribio la kusubiri sekunde 35, muda ambao binadamu anauhitaji kutambua amepigwa na nini na afanye nini, ndege iliishia kuanguka kabla ya uwanja. Jaribio hilo liliwekwa na wachunguzi wenyewe. Hakuna aliyesimama kikaoni kuwasuta ndipo wakalikumbuka.

Utaratibu wa kimataifa wa uchunguzi wa ajali za ndege, ambao hata Tanzania inaufuata, unasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama wala dhima. Ukiona mchunguzi anauliza kwa nini swichi fulani haikubonyezwa, hamtafuti wa kumfunga. Na swichi hiyo ilikuwepo kweli. A320 ina kitufe cha kutua majini, kinachofunga matundu ya chini ili maji yasiingie haraka. Hakikubonyezwa. Sababu ni kwamba orodha ya dharura ya kuzimikiwa injini mbili ilikuwa na kurasa tatu, imeandikwa kwa kudhani ndege iko juu sana na marubani wana muda wa kutosha, na kitufe kile kilikuwa karibu na mwisho. Marubani walifika kama theluthi moja ya orodha. Safari hii kisingesaidia kitu, maana tumbo lilishachanika kwenye mgongano, lakini bila mtu kuuliza, orodha ingebaki vile vile kwa rubani mwingine siku nyingine.

Jambo moja tu zaidi la chumba cha marubani, kwa sababu filamu inaligusa na kulipita. Mkiani mwa ndege kuna injini ndogo ya kuzalisha umeme. Kwenye orodha ile, kuiwasha kulikuja baadaye. Sullenberger aliiwasha mapema kabisa, ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo umeme haukukatika, na kompyuta zinazomzuia rubani asiinue pua kupita kiasi zikaendelea kufanya kazi hadi ndege inagusa maji ikiwa na mwendo wa kilomita 230 hivi kwa saa. Mkitaka kumpigia makofi, mpigieni kwa hilo.

Sasa sikilizeni wachunguzi walivyoandika mwishoni, kwenye ripoti ya mwaka 2010. Walitaja mambo manne yaliyofanya watu wote wapone. La kwanza, maamuzi ya marubani na jinsi walivyogawana kazi. La pili, bahati kwamba ndege ile ilikuwa na vifaa vya safari za baharini, zikiwemo slaidi za mbele, yale mateleza ya kujaa upepo ya kutokea mlangoni, zinazogeuka kuwa maboya, ingawa sheria haikuvidai kwa safari ile. La tatu, kazi ya wahudumu wa ndege. La nne, vyombo vya majini vilivyokuwa karibu na vilivyofanya jambo sahihi mara moja. Filamu imewapa ninyi lile la kwanza kwa saa nzima. Haya matatu mmeyaona kama dakika kumi hivi.

Tuingie ndani ya ndege basi.

Wahudumu walikuwa watatu, wawili mbele na mmoja nyuma. Amri waliyoipata kutoka kwa nahodha ilikuwa fupi: jiandaeni kwa mgongano. Maji hayakutajwa. Wakaanza ile kauli ya kuinamisha vichwa na kubaki chini, kwa pamoja, mfululizo, na humu ukumbini kuna waliocheka. Inasikika kama mchezo wa watoto, ni kweli. Inafanywa vile kwa makusudi. Mtu mwenye hofu hapokei sentensi ndefu. Anapokea maneno mawili matatu yanayorudiwa, na sauti inayorudiwa inamzuia asiinue kichwa kuchungulia dirishani sekunde ile ile ndege inapopiga. Siku mkiisikia, msicheke. Inamisha kichwa hadi kiguse kiti cha mbele au magoti, miguu yote chini, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti ili mifupa ya mguu isigonge vyuma vya kiti cha mbele, mkanda uwe umebana chini ya tumbo kwenye nyonga. Na ubaki hivyo mpaka ndege isimame kabisa, kwa sababu majini hupiga zaidi ya mara moja.

Mlango wa mbele kushoto ulipofunguliwa, slaidi haikujaa yenyewe kama inavyotakiwa. Mhudumu akavuta kishikio cha mkono. Filamu haina nafasi ya kitu kidogo kama hicho, lakini bila kile kishikio slaidi ni turubai tu linaloning'inia mlangoni. Nyuma, chuma cha chini kilitoboa sakafu kikamjeruhi mhudumu, maji yakaingia kwa kasi, na slaidi mbili za nyuma hazikufaa tena. Ilibidi watu waliokwisha kwenda nyuma wageuzwe warudi mbele na kwenye milango ya juu ya mbawa. Kugeuza umati ndani ya njia yenye upana wa nusu mita, maji yakiwa kiunoni, ni jambo gumu kuliko linavyoonekana kwenye pazia.

Majaketi okozi yalikuwepo chini ya kila kiti. Abiria walikuwa 150. Waliosema baadaye kwamba walikuwa na jaketi ni 33, na waliolivaa sawasawa, mkanda wa kiunoni ukiwa umefungwa, ni 4. Asilimia 70 hivi ya abiria hawakutazama kabisa maelezo ya usalama kabla ya kuruka. Hapo ni Marekani, watu wanaopanda ndege mara kwa mara. Tena walikuwapo waliotoka na mabegi.

Wangekuwa bahari kuu, mbali na vivuko, hesabu ingekuwa nyingine. Na mfano wa bahari kuu hatuhitaji kuufuata mbali. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara kati ya Addis Ababa na Nairobi iliishiwa mafuta ikaangukia majini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro. Kutoka hapa Mtwara ni chini ya kilomita 400, bahari ile ile ambayo majahazi ya huku yamekuwa yakivuka tangu enzi za mababu. Watu 175 walikuwemo. Walipona 50. Nahodha Leul Abate alikuwa akipambana na watekaji hadi dakika ya mwisho, bawa la kushoto likatangulia kugusa maji, na ndege ikavunjika vipande. Lakini wapo walionusurika mgongano wenyewe wakafia ndani, kwa sababu walikuwa wameyajaza majaketi upepo wakiwa bado kwenye viti.

Hapa nataka mnielewe vizuri, maana nimewasikia vijana wakisema wakipanda ndege jaketi watalijaza mapema "kujihami". Ndege inapojaa maji, mlango wa kutokea unakuwa chini ya usawa wa maji. Mtu asiye na upepo kwenye jaketi anaweza kuzama hatua mbili, akapita mlangoni, akaibukia nje. Aliyejaza jaketi anapandishwa hadi kwenye dari. Hawezi kuzama kuufuata mlango, na hewa ya darini inaisha. Jaketi linavaliwa ndani, linajazwa nje. Ukishatoa mwili wako mlangoni ndipo unavuta vile vishikio vyekundu. Mwenzio akikosea, usimjazie wewe kwa huruma.

Bukoba nayo mnaikumbuka. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Viktoria ikiwa inakaribia kutua. Watu 43 walikuwemo, 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Mungu awarehemu. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Pua ilikuwa imezama na mkia uko juu, na mlango wa abiria wa ATR uko nyuma, kwa hiyo nyuma ndiko walikotokea waliopona. Linganisheni na Hudson: kule nyuma kulizama, watu wakatokea mbele na mbawani. Ukitoka hapa na kanuni kwamba mlango salama ni wa mbele au ni wa nyuma, umebeba kanuni mbovu. Kanuni ni mlango ambao kizingiti chake kiko juu ya maji. Kabla hujafungua, chungulia dirisha lililo jirani nao. Ukiona maji yamefika kwenye kioo, acha, nenda kwingine.

Na ile picha mliyoipenda kuliko zote, abiria wamejipanga juu ya mbawa katikati ya mto, hapa kwetu msiitegemee. A320 ina mbawa chini ya dirisha. Ndege za mapangaboi zinazokuja mikoani, ATR na Dash 8, mbawa zake ziko juu ya paa. Zikikaa majini mwili unazama mpaka mbawa zikamate maji, na kinachobaki juu ni kidogo. Hamna pa kusimama. Kwa hiyo kwenye ndege hizi jaketi ndilo kila kitu, na muda ni mfupi zaidi.

Ufanye nini ukikaa kitini, pale pale Mtwara kabla ndege haijasogea? Ingiza mkono chini ya kiti, uguse mfuko wa jaketi. Kama haupo, mwite mhudumu kabla mlango haujafungwa. Hesabu migongo ya viti kutoka kwako hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, na uhesabu kwa kugusa, kwa sababu taa zikizimika na maji yakiingia macho hayakusaidii. Kwenye ATR abiria wengi huingilia nyuma, kwa hiyo ulipoingia ndipo pa kutokea. Dash 8 ina ngazi yake mbele. Fungua na kufunga mkanda mara mbili. Mkanda wa ndege unafunguliwa kwa kuinua kibati, na mtu aliyezoea mkanda wa gari, akishikwa na hofu, hubonyeza kwa kidole gumba kama garini, anabonyeza, anabonyeza, na haufunguki. Viatu usivue hadi ndege imetulia angani. Njia ya Dar es Salaam na Mtwara inakwenda sambamba na pwani, basi usisinzie kwa kudhani maji hayakuhusu.

Nimebakiza wenye vyombo, na hawa ndio ningependa wanisikilize kwa makini.

Kivuko cha kwanza kilifika kwenye ile ndege chini ya dakika nne baada ya kusimama. Vilikuwa vivuko vya abiria vinavyopeleka watu makwao jioni kati ya Manhattan na New Jersey, kazi ile ile ya pantoni yetu ya Msangamkuu. Hawakungoja kuitwa. Zimamoto na polisi walifuata. Huku kwetu itakuwa hivyo hivyo: atakayefika kwanza ni aliye karibu, mwenye boti ya faiba, mashua au ngalawa. Kabla hujaondoa nanga, mtu mmoja abaki nchi kavu apige 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, aseme mahali, aina ya ndege kama anaijua, na vyombo vingapi vimekwenda.

Ukikaribia, usiende moja kwa moja kwenye ndege kwa mashine inayonguruma. Watu walio majini hawaonekani, hasa kukiwa na mawimbi ya kusi, na pangaboi halichagui. Zima mashine mapema, malizia kwa kasia au upondo. Zima na jiko la mkaa, na sigara. Mafuta ya ndege hizi ni jamii ya mafuta ya taa, yanaelea, yanawasha macho, na yanafanya mikono iteleze, kwa hiyo mtu unayemvuta atakuponyoka.

Angalia maji yanaenda wapi. Ninyi mnalijua hili kuliko mimi: wakati wa bamvu, yale maji makuu, maji yakipwa, mkondo kwenye mlango wa ghuba yetu unatoa kila kitu nje. Vyombo vyote vikijazana kwenye ndege, walioshikwa na mkondo wataenda zao bila mtu kuwaona. Nusu ya vyombo ikajipange upande maji yanakokwenda, ikingoje huko. Mwenye ngalawa ana faida, mirengu yake, ile miti ya pembeni inayoelea, inampa mtu mahali pa kushika, lakini ipitishe mbali na vichwa.

Usifunge kamba kwenye ndege kuivuta ufukweni watu wakiwa ndani. Chombo kilichopasuka kikivutwa kinabadilisha mlalo, na hewa iliyokuwa inakishikilia inatoka. Usipoteze muda kupiga madirisha, yana matabaka ya plastiki ngumu na hayapasuki kirahisi. Tafuta mlango. Milango ya dharura kwa nje imezungushiwa mstari wa rangi inayotofautiana na mwili wa ndege, na kishikio kipo hapo hapo na mshale wa kuonyesha kinakozungushwa. Ule ule utaratibu wa kizingiti: kikiwa juu ya maji, fungua; kikiwa chini ya maji na upo mlango mwingine ulio juu, achana nao.

Kumpandisha mtu chomboni wengi hukosea. Humshika mikono wakavuta, yeye kifua kinasugua ubavu wa chombo, wao wote wako upande mmoja, chombo kinalala. Wawili tu wavute, wengine wakae upande wa pili wawe uzito. Mgeuze mgongo wake uwe kwenye ubavu wa chombo. Kila mmoja amshike kwapani au kwenye bega la jaketi. Mshusheni kidogo majini, na anapoibuka kwa nguvu ya jaketi lake mvuteni kwa pamoja. Atakuja hadi akae kwenye ubavu, kisha mlazeni. Kama mtu ni mzito na mko wawili tu, msipandishe. Mfungeni kwenye ubavu kichwa kikiwa juu, mngoje chombo kikubwa. Na mkijaa, mmejaa. Chombo cha watu sita kikibeba kumi na wawili kinaongeza msiba.

Kuna mama mmoja alilia pale nahodha anapoambiwa idadi, 155. Wengi mlidhani ni jambo la hisia tu. Kilichochelewesha ile hesabu ni kwamba vivuko viliwashusha watu pande zote mbili za mto, New York na New Jersey, hospitali tofauti, orodha tofauti. Kwa saa kadhaa hakuna aliyejua kama kuna mtu amebaki ndani. Hapa Mtwara chombo kimoja kitashusha Shangani, kingine Msangamkuu, kingine kitaona karibu ni Mikindani. Sasa mpiga mbizi azame kumtafuta nani? Kila nahodha amteue mtu mmoja wa kuandika majina, hata kwa kalamu mkononi, na asiruhusu aliyeokolewa kupanda bodaboda kwenda kwa ndugu yake kabla jina halijaandikwa. Mahali pa kushusha pawe pamoja, na mpachague kabla ya siku yenyewe. Hilo mkalizungumze kwenye vikundi vyenu vya ulinzi wa fukwe, pamoja na zimamoto na watu wa uwanja wa ndege. Kikao cha saa moja kinatosha.

Na kwa akina mama wanaoanika samaki, na wanaotupa taka jirani na uwanja wa ndege: mabaki ya samaki yanaita kunguru na mwewe, nao huingia kwenye injini kama wale bukini. Hayo mtayamaliza na serikali ya mtaa, siendelei.

Kwenye meza ile ya kushoto kuna majaketi okozi ya ndege, na viti viwili vyenye mikanda. Njooni mmoja mmoja. Utafungwa mkanda, utafumba macho, utafungua mkanda, utatoa mfuko chini ya kiti, utaupasua, utalivaa jaketi kichwani, utazungusha mkanda kiunoni, utaubana. Wengi mtauzungusha nyuma mkakosa kishikizo. Kitafuteni mbele, kwenye kitovu. Upande wa kushoto kuna mpira wa kupulizia kwa mdomo endapo mtungi hautafanya kazi, na kuna taa ndogo begani ambayo betri yake huamka ikilowa. Vishikio vyekundu msivivute. Mtungi wa gesi ukishatobolewa hautumiki tena, na tuna mitungi miwili tu ya maonyesho, ambayo tutaivuta mwishoni ili wote mwone jaketi linavyojaa kwa haraka na linavyowabana shingoni.

Wavuvi mbaki. Tutatoka nje na boti iliyopo kwenye trela, tujaribu kumpandisha mtu mzito wawili wawili. Anayejitolea kuwa mzito ajitokeze sasa.